Droni ikienda mrama, usikimbilie kitufe cha kurudi nyumbani

Swali: Assalamu alaykum, fundi. Mimi napiga picha za harusi hapa Unguja, nina droni ndogo ya gramu 249. Mwezi huu wa Julai niliirusha kutoka juu ya paa la hoteli ya ghorofa tatu, upande wa magharibi wa kisiwa, nichukue picha za maharusi wakiwa ufukweni. Ilipofika kama mita 15 skrini ikaandika kuna hitilafu ya dira, na droni ikaanza kuzunguka yenyewe, mduara mdogo, halafu mkubwa, halafu mkubwa zaidi. Nikabonyeza kitufe cha kurudi nyumbani. Ikapanda mpaka mita 100, ikageuka kuja kwangu, lakini haifiki. Ikawa kama imesimama huku inasukumwa baharini. Betri ilikuwa asilimia 41. Nilibaki kuitazama tu mpaka ikaanza kushuka yenyewe, ikazama. Siku ya pili maji yalipokupwa mvuvi wa pweza akaniletea. Nimeiweka kwenye ndoo ya mchele. Nilikosea wapi? Na siku nyingine ikiniharibikia angani nifanye nini?

Jibu: Waalaykum salaam, mdogo wangu. Pole sana, na nashukuru umeeleza kila hatua, maana kwa maelezo hayo naweza kukuonyesha kitu ambacho wengi hawakioni. Siku ile ulipatwa na hitilafu mbili, si moja. Ya kwanza ilikuwa ya dira, ya pili ilikuwa ya upepo. Zote mbili ukazipa dawa moja. Ya kwanza ingeweza kuisha kwa vidole vyako, na ya pili imesababishwa na hiyo dawa.

Tuanze na paa. Droni haijui mbele na nyuma kama tunavyojua sisi. GPS inaiambia iko wapi, lakini haiiambii pua yake inatazama wapi. Hilo inalipata kwenye dira. Paa la ghorofa ni zege, na ndani ya zege kuna nondo. Pengine kando yako palikuwa na tangi la maji juu ya stendi ya chuma. Ukiiwasha droni mahali kama hapo chuma kinaivuta dira, na droni inajifunza kaskazini ya uongo. Inaporuka na kuachana na chuma, dira inaanza kusema kweli, na sasa ubongo wa droni umebeba habari mbili zinazopingana. Upepo unaisukuma kidogo. Inataka kujirudisha mahali pake, lakini kwa kuwa hesabu yake ya mwelekeo imepinda, inajisukuma kando. Inajiona bado haipo mahali pake, inaongeza nguvu, na inakwenda kando tena. Ndiyo miduara uliyoiona ikipanuka.

Kuna namna ya kulijua hili kabla hujaruka, na inachukua sekunde tano. Iweke droni chini, iwashe, kisha fungua ramani kwenye skrini. Pana kishale kidogo kinachoonyesha droni na upande inaoutazama. Sasa inua macho: je, pua ya droni kweli inatazama huko? Kama droni yako inatazama baharini na kishale kinatazama msikitini, usiruke. Izime, ihamishe hatua kumi na tano au ishirini mbali na zege na magari, iwashe upya, utazame tena. Wapo wanaokimbilia kuipima dira upya palepale juu ya paa, wakiizungusha zungusha mkononi kama skrini inavyowaelekeza. Hapo unaifundisha uongo kwa mara ya pili, tena uongo uliokolea. Mchangani ufukweni ni pazuri kuliko paani, ila utandike mkeka au kipande cha turubai, maana mchanga ukiingia kwenye mota ni msiba mwingine.

Sasa tuseme hukuliona hilo na miduara imeanza. Kitufe cha kurudi nyumbani kinaitegemea dira ileile na GPS ileile. Kukibonyeza wakati dira imevurugika ni kumwomba aliyepotea akuonyeshe njia. Mara nyingine kinakataa kabisa kufanya kazi, mara nyingine kinaipeleka droni kwa kuyumba. Unachotakiwa kufanya ni kusukuma kijiti cha kushoto juu taratibu, upate urefu, kwa sababu urefu ni muda wa kufikiri na ni umbali kati ya mapanga ya droni yanayozunguka na vichwa vya watu. Kisha isogeze kutoka juu ya watu. Usiiamini ramani wala kishale, iamini kamera. Izungushe droni polepole kwa kijiti cha kushoto mpaka ulione jengo lako, au ujione mwenyewe, katikati ya picha. Kamera inatazama kule pua inakotazama, na hilo dira haiwezi kulidanganya. Ukishajiona katikati, sukuma kijiti cha kulia mbele kidogo kidogo huku ukiirekebisha inapopinda. Itakuja kwa kuyumbayumba, lakini itakuja. Ishushe mahali penye uwazi, hata kama si pale uliporukia.

Nimesema vijiti kwa mpangilio wa kawaida ambao rimoti nyingi hutoka nao kiwandani: cha kushoto kupanda, kushuka na kugeuka, cha kulia kwenda mbele, nyuma na kando. Kama umebadilisha mpangilio, geuza maneno yangu.

Kabla sijafika kwenye upepo nikupe jambo ninalomfundisha kila anayekuja kwangu, kwa sababu ndilo litakalokusaidia hata kwa hitilafu ambazo hukuziuliza. Droni ikianza kufanya usichoitaka, kitu cha kwanza ni kuachia vijiti vyote virudi katikati na kuhesabu moja, mbili. Wengi wanapoogopa hukandamiza, na droni nyingi ninazoletewa hapa zimevunjika kwa kidole kilichokandamiza. Katika hizo sekunde mbili droni yenyewe itakuambia inaumwa nini. Ikitulia mahali pamoja, basi GPS na dira ni nzima, kosa lilikuwa la mkono au la upepo wa ghafla. Ikiteleza moja kwa moja upande mmoja bila kushuka, imepoteza GPS. Inajua kujiweka sawa na kushika urefu, lakini haijui kusimama, kama ngalawa isiyo na nanga. Skrini za droni za kampuni ya DJI huandika ATTI katika hali hiyo. Ikizunguka kwa miduara inayopanuka, ni dira. Ikipanda au kuondoka kwa utulivu kama inayojua inakokwenda, imeanza kujirudisha nyumbani yenyewe, pengine kwa sababu imekosa mawimbi ya rimoti. Ikijipinda kwa nguvu, ikajizungusha kama pia huku inaporomoka, ni panga au mota.

Ile inayoteleza inahitaji jambo moja ambalo vijana waliozoea GPS hawalijui kabisa: ukiachia kijiti haifungi breki. Lazima usukume kinyume na inakokwenda, na uendelee kusukuma muda wote unaotaka isimame. Jizoeshe. Nenda uwanja wa mpira asubuhi na mapema wakati hakuna mtu, siku yenye upepo kidogo, ujifunze kuirudisha kwa kuitazama kwenye kamera tu, bila ramani na bila kitufe. Fanya hivyo mpaka vidole vikumbuke vyenyewe.

Haya, upepo. Julai ni kusi, na kusi huvuma kutoka kusini mashariki. Ukiwa upande wa magharibi wa Unguja, kusi linatoka nchi kavu mgongoni mwako na kuelekea mkondo wa bahari ulio kati yenu na bara. Maana yake kila kitu kinachopaa mbele yako kinasukumwa mbali nawe. Pale ufukweni, majengo na minazi vinakukinga, unaona bahari imetulia, unasema leo hakuna upepo. Panda mita 100 uone. Upepo wa juu karibu siku zote ni mkali kuliko wa chini.

Wewe uliweka urefu wa kurudi nyumbani kuwa mita 100. Najua kwa nini, umeogopa minara ya simu. Lakini tufanye hesabu. Chukua droni ndogo kama DJI Mini 2: katika mwendo wa kawaida hufika mita 10 kwa sekunde, na ukiweka swichi kwenye Sport hufika mita 16. Tuseme kule juu upepo ulikuwa mita 9 kwa sekunde. Droni inayopambana nao kwa mita 10 inasogea mita 1 tu kwa sekunde. Ikiwa iko mita 400 kutoka kwako, inahitaji sekunde 400, karibu dakika 7, na muda wote huo mota zinakula betri kwa nguvu zote. Upepo ukiongezeka kidogo tu hadi mita 11, haisogei, inarudi nyuma. Ndiyo uliyoiona ikiwa kama imesimama.

Sasa hesabu ya upande wa pili. Ungekatisha kurudi nyumbani kwa kubonyeza kitufe hichohicho mara ya pili au kile cha kusimamisha, ukashusha mpaka mita 20 ambako tuseme upepo ni mita 6, ukaweka Sport, ukaielekeza kwako na kusukuma kijiti mbele mpaka mwisho: 16 kutoa 6 ni mita 10 kwa sekunde. Mita 400 zinakwisha kwa sekunde 40. Kwa asilimia 41 ungefika na betri ikabaki. Tahadhari moja: kwenye Sport vihisi vya kukwepa vizuizi havifanyi kazi, hata kwenye droni zilizo navyo, kwa hiyo macho yawe mbele. Na ukiwa juu ya maji usiishushe chini kabisa kukwepa upepo. Vihisi vya tumbo hutazama mawimbi yanayotembea na kumeta, vikachanganyikiwa, na droni inaweza kujishusha hadi majini. Mimi juu ya bahari sishuki chini ya mita 10.

Kwa eneo la minazi na hoteli za ghorofa tatu, urefu wa kurudi nyumbani wa mita 40 unatosha. Pima kwa kutazama: kipi kirefu kuliko vyote kati yako na mahali droni itakapofika? Ongeza mita 10. Na msimu wa kusi panga safari zako uanze kwa kuruka kuelekea upande upepo unakotoka, ili ukichoka upepo ndio ukurudishe.

Ilipoanza kushuka yenyewe bado ulikuwa na nafasi ndogo, na hili hata wenye uzoefu hawalijui. Betri ikifika kiwango cha hatari droni hujishusha, lakini haijakunyang'anya vijiti. Ukisukuma cha kushoto juu na kukishikilia, inapunguza kushuka. Na cha kulia bado kinaielekeza. Huwezi kuizuia milele, lakini unaweza kununua mita 50 au 100, ambazo ni tofauti kati ya majini na mchangani. Jua pia kwamba asilimia za betri ni makadirio. Kila seli hujaa kwenye volti 4.2 hivi, au kidogo zaidi kwa aina mpya, na unapoidai nguvu nyingi dhidi ya upepo volti huzama ghafla, ukaona 20 imekuwa 12 mbele ya macho yako. Juu ya bahari mimi hugeuka kwenye asilimia 50, hata kama picha bado haijakamilika.

Usinielewe vibaya, sikisemi kitufe cha kurudi nyumbani kama kitu kibaya. Kina mahali pake, na ni pale picha inapopotea. Nilikuwa narekodi mashindano ya ngalawa, jua la saa saba, simu nimeifunga kwenye rimoti bila kivuli. Simu ikapata moto, skrini ikawa nyeusi, ikazima. Droni iko mita 600 juu ya maji na mimi sioni chochote. Simu ni dirisha la kutazamia tu. Vijiti vinaongea na droni kupitia rimoti yenyewe, na rimoti ilikuwa nzima. Niliachia vijiti, nikageuza antena ili ubapa wake, si ncha, uielekee droni, nikashikilia kitufe cha kurudi nyumbani mpaka rimoti ikalia. GPS ilikuwa nzima, dira nzima, upepo ulikuwa unakuja kwangu. Baada ya dakika moja na nusu nikaisikia kabla sijaiona. Hapo kitufe ndicho kilichokuwa jibu, kwa sababu kilichoharibika hakikuwa kitu ambacho kitufe kinakitegemea. Hilo ndilo swali la kujiuliza kila mara kabla ya kukibonyeza.

Panga na mota sina mengi ya kukufariji. Droni ya mota nne kama yako ikipoteza moja haina namna ya kuruka, inaporomoka. Kwa hiyo kazi yote iko kabla ya kuruka. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa kila panga, kutoka shina hadi ncha. Ukucha ukikwama hata kidogo, badilisha. Usilipake gundi, usilikwaruze kwa msasa. Sikiliza pia: droni yako unaijua sauti yake, na siku ikipiga mluzi ambao jana haukuwepo, ishushe. Betri nayo isukume mpaka usikie mlio wa komeo pande zote mbili, kisha uivute kuijaribu. Novemba 2016 kampuni ya kamera ya GoPro iliziita zirudi droni zake zote za Karma ilizokuwa imeuza, kama 2,500, baada ya baadhi kuzimika umeme zikiwa angani, na chanzo kikabainika kuwa ni komeo la betri. Komeo tu.

Sasa jambo linalonikosesha usingizi kuliko hela ya droni. Ulikuwa na maharusi chini. Kitu kikiachiwa kutoka mita 30 kinafika chini kwa kama sekunde mbili na nusu. Bibi harusi mwenye shela hawezi kutazama juu, akaelewa na kukimbia kwa muda huo. Tarehe 22 Desemba 2015, huko Madonna di Campiglio, Italia, droni kubwa ya kamera ya televisheni ilianguka hatua chache nyuma ya Marcel Hirscher wa Austria alipokuwa anateleza kwenye theluji katikati ya mashindano. Ingetangulia kidogo ingempiga. Yeye alimaliza wa pili bila jeraha, na shirikisho la mchezo huo, FIS, likapiga marufuku droni za kamera kwenye mashindano yake ya Kombe la Dunia. Palikuwa na wataalamu, vifaa vya gharama na matangazo ya moja kwa moja, na bado ilianguka. Kwa hiyo kaa kando ya watu, si juu yao. Ukiwa mita 20 kando yao na ukainamisha kamera, picha inakuwa nzuri kuliko ile ya utosini.

Ndiyo maana nataka ukijue na kitendo cha mwisho kabisa: kuzima mota angani. Kwenye droni za DJI ni kuvuta vijiti vyote viwili chini na ndani kwa pamoja. Ingia kwenye mipangilio uhakikishe kimewekwa kwa ajili ya dharura tu, kisichotokea kwa bahati mbaya. Kinatumika pale tu droni haitii na inawaelekea watu, na wewe umeamua ianguke majini au kichakani sasa hivi kuliko iingie na mapanga yanayozunguka. Na droni iliyoharibika usijaribu kuidaka kwa mkono. Nimeona vidole vilivyoshonwa.

Weka pia namba ya uwanja wa ndege kwenye simu yako. Kisiwa chenu ni kidogo, na Uwanja wa Abeid Amani Karume hauko mbali na mji. Droni isiyotii ikielekea huko, piga simu papo hapo useme iko urefu gani na inaelekea wapi. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kiwe mkononi kabla ya hapo, ili usisite kupiga ukiogopa kuulizwa.

Nirudi kwenye ndoo yako. Itoe betri humo leo, si kesho. Betri ya lithiamu iliyolala kwenye maji ya chumvi inaweza kushika moto hata baada ya siku kadhaa. Iweke nje ya nyumba, kwenye ndoo ya mchanga mkavu, mbali na watoto na mbali na chochote kinachoungua. Usiichaji kamwe, hata kama taa zake bado zinawaka. Mchele hauondoi chumvi, na chumvi ndiyo inayokula saketi; mwili wa droni, ukiwa hauna betri, usuuze kwa maji safi yasiyo na chumvi, uuache ukauke siku kadhaa, na usiuwashe kabla fundi hajaufungua. Ila chomoa kadi ya kumbukumbu kwanza. Isuuze hivyohivyo, ipanguse, iache ikauke kivulini siku mbili, ndipo uiweke kwenye kompyuta. Kadi nyingi huvumilia maji ya bahari. Ulikuwa umesharekodi kabla ya hitilafu, kwa hiyo zile dakika za mwanzo za maharusi zinaweza kuwa bado zimo.